Gari la kebo la Sandia Peak: nguzo za 1966, kebo za leo

Swali: Nimesoma kwamba gari la kebo la Sandia Peak huko Marekani limeendeshwa na familia tangu 1966 na mpaka leo linapandisha watu. Mengine ya umri huo yalishavunjwa. Watu binafsi waliwezaje kujenga kitu kama hicho mlimani pasipo na barabara? Na ni kweli kwamba mtambo ni uleule?

Jibu: Njia ni ileile na nguzo ni zilezile mbili. Kebo ni habari nyingine. Hakuna kebo ya chuma inayopindwa kwenye magurudumu kila siku ikaishi miaka 60, na ukishaelewa kwa nini, utaelewa pia shughuli kubwa ya mwenye mtambo wa aina hii ni ipi. Mabehewa ndiyo yanayopigwa picha. Kebo ndizo zinazokula muda, fedha na usingizi.

Tuanze na asili yake, maana jambo moja lahitaji kusahihishwa: kampuni haikuanza na familia moja. Ilianza na watu wawili wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Mmoja ni Robert Nordhaus, wakili na mpenzi wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa uwanja wa theluji wa La Madera katika miaka ya 1930. Wa pili ni Ben Abruzzo, mfanyabiashara ambaye baadaye dunia ilimjua kwa puto: mwaka 1978 yeye, Maxie Anderson na Larry Newman walikuwa wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa puto, ndani ya Double Eagle II. Jina la Abruzzo ndilo lililobaki kwenye kampuni mpaka kizazi cha watoto.

Milima ya Sandia ina sura mbili, na hapo ndipo wazo lote lilipo. Upande wa mashariki unateremka taratibu, una msitu na barabara, na ndiko uwanja wa theluji uliko. Upande wa magharibi, unaoutazama mji, ni magenge ya matale yaliyosimama wima, yamevikwa juu tabaka la mawe ya chokaa. Mtu wa mjini aliyetaka kufika kileleni alilazimika kuuzunguka mlima mzima kwa gari. Nordhaus aliliona gari la kebo la Zugspitze, Ujerumani, akarudi na hoja nyepesi: wapandishe watu kupitia usoni mwa genge, na wakifika juu wateremke na theluji upande wa pili. Kituo kimoja cha juu kingehudumia wachezaji wa theluji wakati wa baridi na watazamaji wa mandhari wakati wa joto. Kwa biashara ambayo gharama zake hazipungui hata siku isiyo na mteja, kuwa na misimu miwili ni jambo la kufa na kupona.

Ujenzi ulianza 1964, chini ya kampuni ya Bell ya Lucerne, Uswisi, na abiria wa kwanza walipanda tarehe 7 Mei 1966. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 2. Ili upate kipimo, fikiria Jackson Hole, jimbo la Wyoming, ambako gari la kebo la rika hilohilo lilistaafishwa 2006, na jipya lililofunguliwa 2008 likagharimu takriban dola milioni 31. Thamani ya dola ilikuwa imeshuka sana kati ya miaka hiyo, lakini hata ukilirekebisha hilo pengo linabaki kubwa. Waanzilishi wa Sandia walijenga katika wakati ambao watu wawili wenye mkopo na moyo waliweza.

Sasa mlima wenyewe. Kituo cha chini kipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, cha juu kwenye mita 3,163. Kupanda ni mita 1,164, njia ina urefu wa takriban kilomita 4.3, na safari huchukua kama dakika 15. Katika umbali wote huo kuna nguzo mbili tu. Ya kwanza ina urefu wa mita 71 na imeinama kwa nyuzi 18. Wageni huuliza kama imeanza kuanguka. La. Kebo hupita juu ya nguzo ikiwa imeelekea mlimani, kwa hiyo uzito wake haukandamizi wima kama mzigo juu ya meza, bali hukandamiza karibu kwa pembe mraba na mwelekeo wa kebo. Mwinamo wa wastani wa njia nzima ni karibu nyuzi 16. Ukiisimamisha nguzo wima, nguvu hiyo inaisukuma kwa ubavu na utahitaji chuma kingi zaidi na msingi mpana zaidi kuizuia. Ukiiinamisha kufuata nguvu, mzigo unashuka moja kwa moja kupitia miguu mpaka kwenye zege.

Nguzo ya pili ni fupi, mita 24, lakini ndiyo iliyowatoa jasho. Imesimama juu ya mgongo wa mwamba ambako barabara haifiki. Chuma, zege, maji, vifaa na mafundi, vyote vilipelekwa kwa helikopta, takriban safari 5,000. Idadi hiyo isikushangaze. Helikopta ndogo ya miaka ya 1960, kwenye hewa nyepesi ya mwinuko ule, hubeba mzigo mdogo sana kwa safari moja, na zege halisubiri: ukianza kumimina msingi, lazima helikopta iendelee kuzunguka mpaka umalize, kama sivyo unapata ufa kati ya tabaka lililoganda na tabaka jipya.

Kutoka nguzo hiyo ya pili mpaka kituo cha juu hakuna kitu tena. Kebo inaruka bonde kwa mita 2,353 bila kuegemea popote, mojawapo ya miruko mirefu zaidi duniani kwa magari ya kebo.

Mruko wa urefu huo una hesabu yake, na inafaa uione kwa namba japo za mfano. Chukua kebo yenye unene wa sentimita 4 na uzito wa kilo 9 kwa mita, na uiruhusu ilegee mita 118 katikati, yaani asilimia 5 ya mruko. Mkazo wake ni uzito wa mita moja, mara mruko uliozidishwa kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya mlegeo. Unapata takriban tani 53, na hapo behewa bado halijapanda. Ukitaka kebo inyooke zaidi, ilegee nusu tu ya hapo, mkazo unaruka hadi tani 106. Ndiyo sababu kebo haikazwi kama uzi wa gitaa. Huachwa ilegee kwa kipimo, na nguzo huchaguliwa mahali ambapo mlegeo huo hautagusa mwamba hata siku ya mzigo mkubwa na upepo.

Mabehewa ni mawili, kila moja la abiria 50. Moja likipanda, jingine linashuka, yamefungwa kwenye kebo ileile ya kuvuta, kwa hiyo uzito wa mabehewa matupu unajifuta wenyewe kama ndoo mbili za kisima kwenye kapi moja. Mota inalipa tofauti ya abiria, msuguano, na uzito wa kebo uliozidi upande mmoja. Behewa lililojaa watu wa kilo 75 kila mmoja lina kilo 3,750. Kulipandisha mita 1,164 wakati la pili linashuka tupu kunahitaji nishati ya kama kilowati-saa 12, ambayo kwa dakika 15 ni wastani wa kilowati 48. Ongeza msuguano, ongeza nguvu ya kuanzia mwendo, ongeza akiba ya usalama, ndipo unafika kwenye ukubwa halisi wa mota. Na jioni, watu wakishuka wengi na wanaopanda wachache, mtambo hugeuka: mzigo unavuta mota, na kazi inakuwa kuzuia.

Mpangilio huu una deni lake. Kwa kuwa mabehewa ni mawili tu, yakichukua dakika 15 pamoja na muda wa kushusha na kupakia, huwezi kupandisha zaidi ya watu 200 hivi kwa saa, hata foleni ikifika barabarani. Mitambo ya vibanda vidogo vinavyozunguka mfululizo haina kikomo hicho, maana ukirefusha njia unaongeza vibanda. Hapa ukirefusha njia unapunguza abiria. Kwa hiyo mapato ya siku njema yana dari, wakati gharama za siku mbaya hazishuki. Mwekezaji anayetaka fedha yake irudi haraka hawezi kuipenda hesabu hiyo. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu mojawapo ya mitambo ya aina hii kuangukia mikononi mwa serikali za majimbo au familia zenye subira. Gari la kebo la Cannon Mountain, New Hampshire, la kwanza Amerika Kaskazini, lilijengwa 1938 chini ya jimbo na kubadilishwa lote 1980. Lile la Estes Park, Colorado, lilijengwa 1955 na mhandisi Robert Heron, aliyelichora mwenyewe, likabaki katika familia yake.

Tuje sasa kwenye kebo, maana swali lako la mwisho linakaa hapa.

Kuna kazi mbili tofauti. Kebo ya njia haitembei. Imelala juu ya nguzo na behewa linateleza juu yake kwa magurudumu, kama reli ya hewani. Kebo ya kuvuta ndiyo inayotembea, nyembamba zaidi, imefungwa kwenye behewa na kupita kwenye gurudumu kubwa la mota. Ya njia husukwa kwa namna ya pekee: nyuzi za tabaka la nje zina umbo la herufi Z, zinashikana kama vidole vilivyofumbatana. Uso unakuwa laini kwa magurudumu, maji hayaingii kirahisi, na uzi mmoja ukikatika hauchomozi nje, majirani wake wanaushika. Faida hiyo ya mwisho ni hatari pia: jicho peke yake halitauona mkatiko uliopo tabaka la ndani. Kwa hiyo kebo hupimwa kwa sumaku. Kifaa hufungwa kuizunguka, huijaza usumaku, na kila penye uzi uliokatika au kutu usumaku huvuja na kuandikwa kama jino kwenye mchoro. Fundi haangalii jumla ya mikatiko tu. Anatazama imejikusanya wapi. Mikatiko kumi iliyotawanyika kwenye kilomita nne ina maana tofauti kabisa na mikatiko kumi ndani ya mita moja.

Na hujikusanya mahali panapojulikana: kwenye tandiko. Tandiko ni mfereji wa chuma uliopinda, juu ya nguzo, ambamo kebo ya njia hulala. Kila behewa linapopita, kebo hupindwa pale palepale na kusuguana pale palepale. Dawa yake ni kuisogeza. Kila baada ya miaka kadhaa, kebo ya njia huvutwa kuelekea upande mmoja kwa urefu unaozidi kidogo ule wa tandiko, ili kipande kilichochoka kitoke kwenye tandiko na kipande kibichi kiingie. Lazima basi kuwe na kebo ya akiba tangu siku ya ujenzi, imezungushwa kwenye ngoma ya zege.

Hiyo ngoma inastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu asiyejua hudhani kebo yenye mkazo wa tani 53 lazima ifungwe mwishoni kwa kufuli kubwa la kutisha. Lakini izungushe mara tatu tu kwenye ngoma iliyovikwa mbao, na msuguano unaimeza karibu nguvu yote. Kwa kiwango cha msuguano cha 0.2, mizunguko mitatu hupunguza mkazo mara 43, tani 53 zikawa tani moja na robo. Ni hesabu ileile ya baharia anayezungusha kamba kwenye nguzo ya gati na kuishikilia meli kwa mkono. Siku ya kusogeza, mafundi hukamata kebo kwa vibano, hulegeza mizunguko, huachilia mita chache, hukaza tena. Kinachoharibika hapo huwa ni haraka: kibano kilichobana vibaya hukwaruza nyuzi za nje, na mkwaruzo ni mwanzo wa mkatiko.

Kebo ya kuvuta ina maisha mafupi zaidi kwa sababu hupindwa kwenye kila gurudumu, mamia ya mara kwa wiki. Mahali pake pabaya ni mwishoni, inapoingia kwenye kichwa cha chuma kinachoiunganisha na behewa. Hapo ndipo mtikisiko wote unapoishia, na hapo unyevu hujificha. Ndiyo maana kichwa hukatwa na kutengenezwa upya kwa ratiba, hata kama kwa macho ni kizima. Mwaka 2021 huko Mottarone, Italia, kebo ya kuvuta ilikatika karibu na kichwa, na breki ambayo ingeibana kebo ya njia ilikuwa imezuiwa kwa vyuma isifanye kazi. Watu 14 walifariki. Breki hiyo hufungwa kwa springi na hufunguliwa kwa nguvu ya mtambo, yaani hitilafu yoyote inaielekeza kubana. Inapobana bila sababu inaudhi, inasimamisha safari, abiria wanalalamika. Dawa ni kutafuta kwa nini inabana. Anayeizuia amewaondolea abiria kinga yao ya mwisho.

Kwa hiyo ukiona Sandia inafungwa kwa siku kadhaa kila majira ya kuchipua, kwa kawaida Aprili, na tena Novemba, usidhani ni likizo. Huo ndio muda wa kupanda juu ya nguzo, kufungua magurudumu ya behewa, kupaka grisi, kupima kebo na kubadilisha vilivyolika. Kila asubuhi pia, kwenye mitambo ya aina hii, safari ya kwanza huenda bila abiria: mafundi wanasikiliza na kutazama njia nzima kabla ya kuuza tiketi.

Kinachoshinda ratiba zote ni hali ya hewa. Upepo wa ubavuni ukizidi kipimo, safari husimama, kwa sababu behewa linaloyumba linaweza kugusa nguzo wakati wa kupita. Radi husimamisha pia. Lakini adui mjanja kuliko wote ni barafu, na Sandia iliionja usiku wa kuamkia mwaka 2022. Watu 21, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakishuka baada ya kazi, walinaswa hewani: 20 katika behewa moja, mmoja peke yake katika jingine. Barafu ilijijenga upesi mno, na kebo ya dharura, yaani kebo ya tatu, nyembamba, iliyowekwa kwa ajili ya uokoaji, ikalegea kwa uzito mpaka ikaning'inia chini ya usawa wa behewa, kiasi kwamba lisingeweza kupita salama. Waokoaji waliwashusha kwa kamba mpaka kwenye mwamba, na helikopta ikawatoa mlimani tarehe 1 Januari. Wote walitoka wazima.

Kwa nini ilikuwa kebo ya dharura? Piga hesabu ya barafu yenye unene wa sentimita 2 pande zote. Kwenye kebo nene ya sentimita 4 yenye kilo 9 kwa mita, barafu hiyo huongeza kama kilo 3.4, yaani theluthi na kidogo. Kwenye kebo nyembamba ya sentimita 2 yenye kilo 1.5 kwa mita, huongeza kilo 2.3: uzito unazidi mara mbili na nusu. Kebo nene inahimili, nyembamba inazama. Na zikizama kwa viwango tofauti, nafasi kati yao iliyopimwa kwa makini siku ya ujenzi hupotea. Njia ya kuzuia ni kutoziacha zilale kimya: mtambo huendelea kutembezwa polepole bila abiria dhoruba inapokuja, ili barafu ipasuke kabla haijanenepa. Hilo hufaa kwa zinazotembea. Ile isiyotembea hubaki kuangaliwa kwa macho, na usiku wenye ukungu macho hayafiki mbali.

Kuhusu familia: Februari 1985 Ben Abruzzo na mkewe Pat walifariki katika ajali ya ndege ndogo Albuquerque. Watoto waliichukua kampuni na kuiendeleza. Biashara nyingi za aina hii huuzwa wakati kama huo. Hapa palikuwa na jambo jingine la kuzingatia, ardhi. Njia inapita juu ya Msitu wa Taifa wa Cibola, na 1978 sehemu kubwa ya milima ile iliwekwa chini ya hifadhi ya Sandia Mountain Wilderness, ambamo ujenzi na mashine vimebanwa sana. Kibali cha zamani kikawa mali isiyoweza kununuliwa tena dukani. Ukiuvunja mtambo ule ukitaka kuujenga upya kwa mtindo wa safari 5,000 za helikopta, sidhani kama utaruhusiwa. Kukarabati kilichopo, kipande kwa kipande, ndiyo njia yenye akili, na hali ya hewa kavu ya New Mexico inasaidia: kutu hutembea polepole kuliko milima ya pwani au ya mashariki yenye unyevu.

Ukipata nafasi ya kupanda, simama upande wenye kioo safi unapokaribia nguzo ya kwanza. Utasikia mwendo ukipungua, kisha behewa linapanda tandiko, linainamisha pua, halafu linayumba mbele na nyuma kama bembea. Huo mpwito ni magurudumu kupita kutoka mwinamo mmoja kwenda mwingine, na mhudumu huwatangazia abiria mapema kwa sababu wasioujua huruka. Juu zaidi, kwenye korongo chini ya mruko mrefu, bado yapo mabaki ya ndege ya abiria ya shirika la TWA, safari namba 260, iliyogonga mlima huo Februari 1955 na kuua watu wote 16. Vaa koti hata kama mjini kuna jua: mita 1,164 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 7 au zaidi, na juu kuna upepo.